Sikio Limekauka? Mwongozo wa kupima ubora wa kliniki ya masikio, pua na koo

Fungua kitabu cha MTUHA cha wagonjwa wa nje, ukurasa wowote, umtafute mtoto aliyeandikwa "usaha sikioni". Utakuta tarehe, umri, kijiji, ugonjwa na dawa. Hutakuta kama sikio lilikauka. Kitabu kinajua kwamba mtoto alikuja, hakijui kama alipona, na mwisho wa mwezi mtoto huyo anaingia kwenye ripoti kama mgonjwa aliyehudumiwa.

Naandika kwa ajili yako wewe unayesimamia kliniki ya masikio, pua na koo kwenye hospitali ya wilaya au ya mkoa, uwe daktari bingwa, tabibu au muuguzi. Unataka kujua kama jasho lenu la kila siku linamfaa mgonjwa. Huhitaji kompyuta mpya wala mshauri kutoka nje. Unahitaji kaunta buku moja, kalamu, simu yenye salio, na moyo wa kutazama namba zisizopendeza.

Msimamo wangu ni huu: ubora wa kliniki yako umefichwa kwa wagonjwa ambao hawakurudi. Tumezoea kusema "hajarudi, basi amepona". Wapo waliopona kweli. Wapo pia waliokosa nauli, walioambiwa na jirani watie mafuta ya nazi, na walioishi na usaha miaka mingi hata hawauoni tena kama ugonjwa. Na huenda yupo mmoja aliyelazwa hospitali nyingine, shingo imekakamaa, kwa sababu usaha umeshafika kwenye ubongo. Kabla hujawatafuta, usiwaweke upande wa waliopona.

Anza na kimoja

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aligawa upimaji wa ubora wa tiba katika mafungu matatu ambayo yanatumika hadi leo. La kwanza ni mlivyonavyo: majengo, vifaa, watumishi. La pili ni mnayotenda kwa mgonjwa. La tatu ni yanayompata mgonjwa baada ya hapo. Fungu la kwanza ndilo rahisi kukagua, na ndiyo maana wakaguzi hulipenda: darubini ya masikio ipo? Mashine ya kunyonya uchafu inafanya kazi? Tanzania tumepiga hatua kubwa hapo. Tangu mpango wa 5S uanze katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007, stoo nyingi zimepangika, makabati yana lebo, na vifaa vinaonekana bila kupekua. Ni kazi nzuri. Lakini kabati lenye lebo halikaushi sikio la mtu, kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye fungu la pili na la tatu.

Usianze na vipimo ishirini. Kliniki inayoanza na ishirini hujaza fomu wiki tatu, kisha fomu zinakuwa za kuwekea maandazi. Mimi ningeanza na kimoja, sikio linalotoka usaha. Baada ya miezi mitatu ningeongeza cha pili, damu baada ya kutoa tonsili. Vingine vitangoja zamu yao.

Kila kipimo kiandikie karatasi moja na kuibandika ukutani. Iseme nani anahesabiwa, kipi kinahesabika kuwa mafanikio, siku gani, nani anaandika na anaandika wapi. Watu wawili wakiisoma karatasi hiyo na kumtazama mgonjwa yuleyule, wapate jibu moja. Wakipata mawili, karatasi ndiyo mbovu, irudiwe.

Sikio linalotoka usaha

Kwa nini ugonjwa huu? Kwanza, wagonjwa wake hawaishi mlangoni. Pili, unaiba usikivu wa mtoto akiwa darasani. Ripoti ya Dunia ya Usikivu iliyotolewa na WHO mwaka 2021 inakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika, na usaha wa sikio ni mojawapo. Tatu, tuna utafiti wa hapahapa Afrika Mashariki wa kulinganisha nao, jambo ambalo si kawaida katika fani hii.

Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika kwa wanafunzi wa Kiambu, Kenya. Waliopanguswa masikio tu, bila dawa, hawakupata nafuu kuliko wale ambao hawakufanyiwa lolote: baada ya wiki 16 usaha ulikuwa umekoma kwa asilimia 22 hivi katika makundi yote mawili. Waliopanguswa na kupewa dawa walifika asilimia 51. Kisha mwaka 2005 likachapishwa jaribio lingine, la wanafunzi zaidi ya 400 wa magharibi mwa Kenya. Hapo matone ya siprofloksasini yalikausha masikio kwa asilimia 59 ya watoto ndani ya wiki mbili, na matone ya asidi ya boriki katika alkoholi yakakausha kwa asilimia 32.

Namba hizo zikae kichwani mwako. Zinakuambia mambo mawili. Dawa sahihi inaleta tofauti kubwa, na hata ikitumika chini ya uangalizi wa watafiti, watoto wanne kati ya kumi walikuwa bado wanatoka usaha siku ya 14. Kwa hiyo kliniki yako ikijitangazia kwamba asilimia 95 wamekauka, ishuku hesabu kabla ya kununua keki.

Sasa karatasi yako ya ukutani. Nani anahesabiwa: kila mgonjwa aliyeanza tiba ya sikio lenye tundu kwenye ngoma na usaha uliodumu wiki mbili au zaidi. Mafanikio: siku ya 14, mkipisha siku mbili mbele au nyuma, mtazamaji mwenye otoskopu haoni usaha wala unyevunyevu. "Mama amesema ana nafuu" haitoshi. Iandikwe, lakini katika safu yake. Kwenye kaunta buku chora safu hizi: namba ya faili, tarehe ya kuanza, sikio la kulia au la kushoto au yote mawili, dawa na idadi ya chupa, namba ya simu na ni ya nani nyumbani, tarehe ya kurudi, na mwisho safu ya matokeo yenye herufi moja kati ya tatu. K ni kavu, B ni bado, H ni hajulikani.

Hiyo H ndiyo yenye thamani kuliko zote. Tuseme mwezi huu mmeanzishia tiba watoto 40. Wamerudi 18, na kati yao 15 wamekauka. Anayependa sifa ataandika 15 kwa 18, asilimia 83. Mkweli ataandika 15 kwa 40, kama asilimia 38, na H 22. Ukweli uko mahali fulani kati ya asilimia 38 na asilimia 93, na upana huo wote umetokana na watu msiowajua hali zao. Kazi ya kwanza ya kuboresha huduma, kabla hujagusa dawa yoyote, ni kupunguza hizo H.

Simu ya siku ya 14

Asiyerudi apigiwe simu. Mtengee mtu mmoja nusu saa Ijumaa mchana, kliniki ikipungua. Mgonjwa aulizwe mapema, siku ya kwanza, kama anaridhia kupigiwa, na anayepiga asitaje ugonjwa mpaka ahakikishe anaongea na mhusika, maana simu nyingi ni za ukoo mzima.

Namna ya kuuliza inabadili jibu. Sikiliza mazungumzo ya namna hii:

"Shikamoo bibi. Ni mimi nesi wa kliniki ya masikio, hospitali ya mkoa. Naongea na bibi yake yule mtoto wa darasa la pili?"

"Marahaba mwanangu. Ndiye mimi."

"Mjukuu anaendeleaje na sikio?"

"Anaendelea vizuri, Mungu anasaidia."

Nesi mgeni wa kazi ataandika K na kukata simu. Lakini bibi amejibu kwa adabu, kama mtu yeyote mstaarabu anavyojibu salamu. Endelea:

"Tunashukuru Mungu. Leo alipoamka, foronya ilikuwa na alama ya maji au usaha?"

"Aa, hiyo ipo. Lakini siyo kama mwanzo."

"Na ile dawa ya matone, mnaendelea nayo?"

"Ilikwisha kitambo. Haikufika hata wiki moja na nusu."

Foronya haina adabu, inasema ilivyo. Muulize kuhusu foronya, kuhusu harufu, kuhusu pamba anayoikuta sikioni. Majibu ya simu yaandike K au B lakini uyawekee alama, kwa mfano duara, ili ujue hayakuthibitishwa kwa otoskopu. Ukipata B yenye uvimbe nyuma ya sikio, uso kwenda upande, kizunguzungu, au homa na kichwa kuuma sana, usingoje tarehe ya kliniki. Huyo aje leo.

Tazama sasa alichokwambia bibi bila kujua kwamba amekwambia. Chupa ya mililita 5 hutoa takriban matone 100. Ukiandika matone 4 mara 3 kwa siku kwa siku 14, mgonjwa anahitaji matone 168 kwa sikio moja. Kwa masikio mawili ni 336. Chupa moja haiwezi kufika, hata kama bibi ni hodari kuliko wauguzi wote wa wadini. Tumekuwa tukiandika kwenye faili "hakuzingatia dawa" wakati dawa yenyewe ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo ongeza kipimo kidogo cha mchakato: kati ya wagonjwa walioandikiwa siku 14, wangapi walitoka dirisha la dawa na chupa za kutosha siku 14? Hesabu faili 20 za mwisho. Jibu utalipata kabla ya chai ya saa nne, na litakuuma.

Kwa faili hizohizo 20, hesabu pia wangapi wenye tundu kwenye ngoma waliandikiwa matone yenye jentamaisini. Dawa hiyo ikipenya hadi sikio la ndani inaweza kuua usikivu uleule tunaoupigania, na matone ya kwinoloni kama siprofloksasini hayana hatari hiyo. Kama dirisha lenu lina jentamaisini tu, basi tatizo si la tabibu aliyeandika. Ni la oda ya dawa, na sasa una namba ya kumpelekea mfamasia na mganga mfawidhi.

Jaribu dogo, kisha jingine

Wataalamu wa uboreshaji wana mzunguko wao wa hatua nne: panga, jaribu, tazama, rekebisha. Maneno ni mepesi. Kosa letu la kawaida ni kuruka kutoka kupanga hadi kuagiza. Mfawidhi anabandika tangazo kwamba kuanzia Jumatatu kila mtu afanye hivi, na kufikia Jumatano tangazo limefunikwa na ratiba ya zamu.

Jaribu kwa nesi mmoja, siku moja ya kliniki, wagonjwa watano. Kwa mfano, mabadiliko ya kwanza yawe chupa: daktari aandike idadi ya chupa na si jina la dawa peke yake. Wagonjwa watano tu. Je, dirisha la dawa lilikubali? Bima ililipa chupa ya pili? Aliyekuwa akilipa taslimu alimudu? Ukigundua kwamba bima imekataa, umegundua kwa wagonjwa watano na si kwa mia.

Mabadiliko ya pili yawe mikono ya mlezi. Mara nyingi tunamwonyesha mama jinsi ya kukausha sikio, anaitikia kwa kichwa, anaondoka. Geuza zamu. Mpe mama kitambaa safi kinachonyonya au karatasi laini isiyochanika, akisokote kiwe utambi, akiingize sikioni taratibu, akiache kilowe, akitoe, aweke kingine, mpaka kitoke kikavu. Ndipo matone yaingie, mtoto akiwa amelala ubavu, na mama akibonyeze mara kadhaa kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio ili dawa ishuke ndani. Akifanya yote mwenyewe mbele yako, andika tiki. Akishindwa, rudieni. Inachukua dakika nne au tano. Najua foleni ilivyo. Lakini mtoto anayerudi mara nne na sikio lilelile anakula dakika nyingi zaidi ya hizo.

Kila jaribio liwe na kipimo cha kulipima mgongoni pia, yaani kile kinachoweza kuharibika wakati unatengeneza kingine. Kwa hili la mikono ya mlezi, pima muda wa kusubiri. Kama wagonjwa wa mwisho sasa wanatoka saa kumi badala ya saa nane, mafunzo yahamie kwenye benchi la kusubiria, mlezi mmoja akionyeshwa na wenzake watatu wakitazama.

Chati ya ukutani

Asilimia ya mwezi huu peke yake haisemi kitu. Chukua karatasi ya miraba, chini andika wiki mbilimbili, pembeni andika asilimia ya waliothibitika kukauka kati ya wote walioanza, na kila baada ya wiki mbili weka kitone. Ukishapata vitone kama kumi, tafuta namba ya kati, ile ambayo nusu ya vitone viko juu yake na nusu chini, uchore mstari.

Vitone vitapanda na kushuka, hiyo ni kawaida yake. Usimpongeze mtu kwa sababu kimoja kimepanda, wala usimwite mtu ofisini kwa sababu kimoja kimeshuka. Unachotafuta ni vitone sita au zaidi vilivyofuatana vyote upande mmoja wa mstari, au vitano vinavyopanda mfululizo, au vitano vinavyoshuka. Hapo kuna jambo limebadilika kweli. Kando ya kila kitone andika kwa penseli kilichotokea: "chupa mbili zimeanza", "dawa imekwisha stoo", "nesi wa masikio likizo". Baada ya miezi sita penseli hiyo itakufundisha kuliko semina.

Kisha zigawe namba. Wastani ni mzuri wa kuficha watu. Tenga wanaotoka mjini na wanaotoka mbali, wenye bima na wanaolipa taslimu, wavulana na wasichana. Kama wa mjini wanakauka na wa mbali wanajaza safu ya H, hujaboresha kliniki, umeboresha mtaa mmoja. Pengine suluhisho si la kwako hata kidogo. Pengine muuguzi wa zahanati ya kijijini kwao anaweza kumtazama mtoto siku ya 14 na kukutumia herufi moja kwa ujumbe wa simu.

Damu baada ya kutoa tonsili

Hapa mgonjwa asiyerudi anazungumza kwa sauti kubwa zaidi. Damu ya ndani ya saa 24 utaiona wadini. Damu ya baadaye hutokea zaidi kati ya siku ya 5 na ya 10, mtoto akiwa nyumbani, na atakimbizwa kwenye kituo kilicho karibu, ambacho mara nyingi si chako. Kitabu chako cha chumba cha upasuaji kitaendelea kuwa safi. Kwa hiyo simu ya siku ya 14 ihusu kila aliyetolewa tonsili, na swali liwe wazi: alitema au kutapika damu, alirudishwa hospitali yoyote, aliongezewa damu, alirudishwa chumba cha upasuaji?

Uingereza walifanya ukaguzi wa nchi nzima mwaka 2003 hadi 2004, katika Uingereza yenyewe na Ireland ya Kaskazini, kwa wagonjwa wapatao 34,000. Waliotokwa damu walikuwa asilimia 3.5. Ukaguzi ulionyesha kwamba njia zinazotumia joto la umeme zilileta damu nyingi kuliko vifaa baridi vya kawaida. Hakuna daktari mmoja ambaye angeweza kuliona hilo kwa wagonjwa wake peke yake.

Nawe hutaliona, na ni vizuri ulijue mapema. Tuseme mmefanya operesheni 30 na hakuna aliyetokwa damu. Kuna kanuni rahisi ya takwimu: gawanya 3 kwa idadi ya wagonjwa. 3 kwa 30 ni asilimia 10. Maana yake, sifuri yenu bado inaweza kutoka kwenye kliniki ambayo kiwango chake halisi kinakaribia asilimia 10. Hata kliniki yenye asilimia 3.5 hupitisha watoto 30 bila damu mara moja kati ya tatu, kwa bahati tu. Ukitaka kusema kwa ujasiri kwamba uko chini ya asilimia 1, unahitaji wagonjwa 300 na sifuri ileile. Kwa hospitali yenye operesheni chache, acha asilimia. Hesabu ni operesheni ngapi zimepita kati ya damu moja na inayofuata. Nafasi hiyo ikianza kupungua, kaeni chini. Au unganeni na hospitali mbili tatu za jirani, mtumie karatasi moja ya maana ya maneno, na mjumlishe.

Kuna swali linalotangulia damu, nalo ni kama mtoto alistahili kisu. Mwaka 1938 daktari Mwingereza J. Alison Glover alichapisha uchunguzi wa utoaji wa tonsili kwa watoto wa shule. Katika eneo la Hornsey, London, watoto 186 walifanyiwa operesheni mwaka 1928. Mwaka uliofuata akaja daktari mpya wa shule, na idadi ikashuka hadi 12. Makoo ya watoto wa Hornsey hayakubadilika kwa mwaka mmoja. Aliyebadilika ni aliyekuwa akiamua.

Fanya ukaguzi wa Hornsey yako mwenyewe: vuta faili 20 za waliotolewa tonsili, uone ni ngapi zimeandika sababu kwa namba. Kwa maambukizi ya kujirudia, kipimo kinachotumiwa na wengi ni mara 7 au zaidi katika mwaka mmoja, au 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Kwa anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, iandikwe hivyo, na nani aliyeshuhudia. Faili inayosema "mafindofindo ya mara kwa mara" haijasema kitu.

Vingine, kwa ufupi

Ndani ya chumba cha upasuaji, orodha ya usalama ya WHO ndiyo kipimo cha mchakato kilicho na ushahidi wa karibu nasi. Hospitali ya Ifakara ilikuwa mojawapo ya nane duniani zilizoijaribu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009: kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwenye fani yetu ongeza maswali mawili yasiyo na mjadala. Sikio ni la kulia au la kushoto, na alama imechorwa kwenye ngozi mgonjwa akiwa macho? Gozi iliyowekwa kooni imetoka, na nani ameiona ikitoka? Usihesabu fomu zilizojazwa. Simama mlangoni siku moja kwa mwezi usikilize kama maswali yanaulizwa kwa sauti, maana fomu za asubuhi nzima zinaweza kutiwa tiki mchana kwa kalamu moja.

Mtoto aliyemeza betri bapa, ile ya rimoti au saa, apimwe kwa dakika. Ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Andika saa aliyopita getini, saa ya picha, saa ya kuanza kuitoa. Dakika zikikaa pande tatu hizo utajua zinapotelea wapi: mapokezi, chumba cha eksrei, au kumtafuta mtu wa usingizi.

Mgonjwa aliyetobolewa koo kwa ajili ya kupumua: kila Jumatatu pita wadini utazame kitanda. Mashine ya kunyonya inawaka? Ipo mipira miwili ya akiba, mmoja wa saizi yake na mwingine mdogo kidogo? Nesi wa zamu anajua afanye nini mpira ukitoka usiku? Vitanda vilivyotimiza yote kwa vitanda vyote, basi.

Mashine ya kupima usikivu isawazishwe na fundi mara moja kwa mwaka, na kila asubuhi mtumishi mmoja ajipime masikio yake kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Sanduku la maoni sitalizungumzia sana. Nimeona mengi, yana kufuli na vumbi, ufunguo anao mtu aliyehamishwa. Keti kwenye benchi na wagonjwa watatu kila wiki uwaulize: umeelewa nini kuhusu ugonjwa wako, na nini kilikusumbua leo?

Namba zikishakuwa mezani

Zijadiliwe kila mwezi, dakika 20, ndani ya kikao cha asubuhi ambacho tayari kipo. Usiitishe kikao kipya. Awepo mtu wa dawa, mtu wa mapokezi na mhudumu anayepanga foleni, kwa sababu nusu ya mambo utakayoyakuta yako mikononi mwao. Mgonjwa ajadiliwe kwa namba ya faili, si jina, na mtumishi asitajwe kwa namna yoyote. Mara ya kwanza mtu akikaripiwa kwa sababu ya B zake, mwezi unaofuata B zitakwisha na H zitaongezeka, na kaunta buku itakuwa imekufa hata kama bado inaandikwa.

Mwambie mganga mfawidhi unachofanya kabla hujaanza, na uombe posho ya salio iingie kwenye bajeti ya kitengo, maana nesi hatapiga simu kwa fedha yake zaidi ya wiki mbili. Kama siku moja mtapenda kuchapisha matokeo, ruhusa ya kamati ya maadili iombwe kwanza, sio baada.

Vitone vikishakaa upande mzuri wa mstari kwa miezi sita, kipunguze kipimo hicho. Hesabu mara moja kwa robo mwaka, faili 20, na ile nusu saa ya Ijumaa mpe kipimo kinachofuata. Vikianza kushuka, angalia kwanza stoo ya dawa, kisha ratiba ya likizo, kisha ndipo uwatazame watu.